Mlinzi Kalala, Maji Yameamka

Wimbo mzuri kuliko nyimbo zote nilizowahi kuzisikia ulitungwa juu ya mume wangu, na kwa miaka mingi nilimwambia kila aliyeuimba mbele yangu kwamba ni uongo mtupu. Una mistari mitatu tu. Mtoto mdogo anaushika kwa kuusikia mara moja. Umeimbwa na watu wa reli, umeimbwa na wakata mkonge, umeimbwa na watoto wa shule wakikimbia mchakamchaka, na wengi wao hawajui hata Chome kwetu iko upande gani wa milima. Mimi najua ulikotoka, kwa sababu aliyeutunga alikunywa maji mlangoni kwangu siku moja kabla ya kuuimba.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wametukalia, na vijana waliochukuliwa kwenda kupigana Burma walikuwa wamerudi si muda mrefu. Upande wetu wa milima ulikuwa na watunzi wawili wa kutisha, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kila nyumba ilikuwa na wake. Watu walibishana juu yao hadi kwenye vilabu vya dengelua, pombe yetu ya miwa, na wapo ndugu walioacha kusalimiana kwa sababu hiyo. Ukiwa mgeni utashangaa nyimbo zinawezaje kuwagombanisha watu wazima.

Lakini wimbo kwetu haukuwa wa kustarehe. Ulikuwa wa msaragambo, ile kazi ya wote. Pembe inapigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, mnakwenda kuzibua mfereji au kujenga ukuta wa ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kuchimba kwa mikono: maji ya kijito yanakusanyika humo usiku kucha, asubuhi tundu la chini linazibuliwa na maji yanashuka mashambani kwa zamu, shamba hadi shamba. Bila wimbo majembe hayainuki pamoja. Na wimbo huo huo ndio uliokuwa mahakama. Mvivu aliimbwa, mchelewaji aliimbwa, mwizi wa maji ndiye aliyeimbwa kuliko wote. Faini ya wazee mtu alilipa na yakaisha. Ukiimbwa, ilikuwa umeimbwa.

Yule mwanamume alifanya kazi kwenye genge la reli huko Same. Kukiwa na msaragambo aliomba ruhusa, akapanda treni hadi Makanya, akaukwea mlima kwa miguu. Alikuwa na sauti ndogo, ya kukwaruza, na wala hakujisumbua kuipandisha. Alianza chini kabisa, karibu na kunong'ona, hadi majembe yenyewe yanyamaze ili asikike. Maneno yake yalikuwa machache, na alikuja nayo yameiva. Inasemekana aliyatunga njiani, kati ya Makanya na Chome, na akifika juu hayaongezeki wala hayapungui. Na hakumtaja mtu jina hata siku moja. Alisema kitendo tu, na macho ya watu yakajitafutia mwenyewe.

Mwanamke alikuwa mjane, kiongozi wa kwaya kanisani, na sauti yake ilivuka bonde. Yeye hakuja na kitu. Alisimama juu ya kifusi, akawatazama watu, akaanza kuimba anachokiona: nani kaja na jembe butu, nani kamtuma mtoto badala ya kuja mwenyewe, nani jana alikula makande ya jirani na leo hamwoni. Aliwataja wote kwa majina, jina na ukoo. Siku moja aliwahi kumtaja jumbe, akiwa amesimama pale pale na kofia yake, na jumbe akacheka kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Desturi ilikuwa kwamba ukitajwa na mama yule unainua jembe na kuitika, "Nipo," kisha unapiga ardhi, na wimbo unaendelea kwa mwingine. Ulitajwa, ukaitika, ukaona haya, ukacheka mwishoni. Nilimpenda kupita kiasi. Mimi nilikuwa wa upande wake.

Nilikuwa mke mgeni wakati huo. Niliolewa kutoka Maore, chini huko karibu na Gonja, na watu wa Chome hawakuacha kunikumbusha kwamba mimi ni mtu wa chini. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka Burma. Kwa kuwa jeshi lilimzoesha kuamka kwa saa, wazee walimpa ulinzi wa ndiva: jioni anaziba tundu, asubuhi anazibua mbele ya mwenye zamu. Haikuwa kazi ya mshahara. Ilikuwa heshima, na aliishika kwa mikono miwili.

Jioni moja alishikwa na homa, ile homa aliyotoka nayo vitani, akatetemeka hadi kitanda kikawa kinalia. Akaniambia nikamwite jirani yetu akazibe tundu. Jirani alikuwa ng'ambo ya kijito, jua lilikuwa linazama, na mimi nilijua kuziba. Kwetu Maore nilikua nikiwatazama kaka zangu: unatia gogo, unashindilia nyasi, unakandika udongo, umemaliza. Mwanamke hakuruhusiwa kugusa tundu la ndiva ile. Nilijua hilo pia. Nikaenda, na nikajiona fundi.

Sasa, udongo wa Maore ni mweusi, ukilowa unashika na hauachii. Udongo wa Chome ni mwekundu, maji yakiuchezea kidogo unaondoka nayo. Ndiyo maana watu wa huku huliviringisha gogo la kuzibia kwa maganda ya shina la mgomba, tabaka juu ya tabaka, ndipo wakandike udongo. Maganda yenyewe yalikuwa pale pale pembeni, yamelowekwa tayari kwenye shimo. Niliyaona. Nilidhani ni takataka.

Asubuhi ndiva ilikuwa tupu. Maji yalikuwa yameng'oa gogo, yakabomoa na mawe ya ukuta kulizunguka tundu, yakashuka yote bila zamu. Mahindi ya juu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na kwa jua lile, kukosa maji ilikuwa ni kukosa chakula. Mashamba ya kitongoji cha chini, ambayo zamu yake ilikuwa bado siku nne, yalikuwa yamelowa chepechepe.

Nilimwambia mume wangu ukweli wote kabla hata hajanyanyuka kitandani. Alinisikiliza amefumba macho.

"Nyamaza," akasema. "Ukisema ni wewe, watasema nilimtuma mwanamke ndivani. Nikisema ni mimi, ni uzembe tu. Uzembe unasameheka."

Alijidanganya. Mzembe, watu wangemsamehe. Lakini yeye alikuwa ameoa mtu wa chini, na maji yalikuwa yamewanufaisha watu wa chini. Haikufika jioni, maneno yakawa yamegeuka: mlinzi amewafungulia maji watu wa bondeni, na amepewa kitu. Mzee wa ndiva, yule aliyegawa zamu, akaja kumuuliza, na mume wangu akarudia kwamba alilala vibaya na gogo halikukaa. Mzee akamtazama sana. Akasema kutakuwa na msaragambo Jumamosi wa kujenga ukuta, na kazi ikiisha wazee watakaa hapo hapo kuamua kama nyumba yetu itaendelea kuwa na zamu ya maji au itafutwa. Jumbe naye akaongeza la kwake: wazee wakishindwa, yeye atampeleka boma, Same, akaonane na Bwana D.C.

Kufutiwa zamu ni kufukuzwa bila kuambiwa ondoka. Shamba bila maji ya ndiva kule juu wakati wa kiangazi halizai kitu. Nilijua hivyo, na bado si hilo lililoninyima usingizi. Nilichokiogopa ni nyimbo. Mwanamume wa reli angepata habari, habari zilifika Same kwa treni haraka kuliko barua. Angekuja. Na mimi nilikuwa nimeolewa pale muda wa kutosha kujua nyimbo zake zinafanya nini.

Nitaeleza nilivyowaza, maana nilikuwa nimewasikiliza wale wawili kama msichana anavyosikiliza watu wanaozungumza habari za posa yake. Wimbo wa mama ulikuwa na jina, na jina ndilo lililouua. Mwenye jina akishalipa au kuhama au kuzeeka, wimbo hauna tena pa kukaa. Za yule baba wa reli hazikuwa na jina, kwa hiyo hazikuwa na pa kufia. Kulikuwa na wimbo wake juu ya mtu aliyeficha jembe lake ili asiitwe kazini. Mwenye jembe alikuwa amekwisha kufa, na bado watoto wake walikuwa wakiimbiwa, na hata mwalimu alikuwa akimwimbia mwanafunzi aliyesahau kalamu. Wimbo mzuri wa namna hiyo ukikupata hakuna ushahidi utakaoufikia, kwa sababu haujasema kitu unachoweza kukikana.

Nikaamua. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekuja na uso wa msiba."

Nikamwambia yote: homa, gogo, udongo, maganda niliyoyaita takataka. Alikuwa anaendelea kutupa vijiwe nje ya ungo, kimoja kimoja.

"Kwa nini huendi kwa mzee wa ndiva?"

"Mume wangu amenikataza. Nikienda mwenyewe nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya wazee. Lakini wewe ukinitaja kesho, mama, ni wimbo. Wimbo hakuna anayeuliza uliambiwa na nani."

"Unataka nikutaje."

"Jina langu na ukoo wangu. Na kwetu Maore ukitaka."

Aliacha ungo. Alinitazama kwa muda mrefu hadi nikaanza kuona aibu ya kitu ambacho sikukijua.

"Nitaona," akasema. Ndilo jibu pekee nililopata.

Nilirudi nyumbani nimejipa moyo kwamba nimemaliza. Mchana wa siku hiyo hiyo, mume wangu akiwa amelala ndani bado hana nguvu, nilisikia mtu anabisha hodi. Alikuwa yeye, mwanamume wa reli, amebeba viatu mkononi na vumbi la Makanya hadi magotini. Njia ya kwenda kwa kaka yake ilipita mlangoni petu.

"Naomba maji ya kunywa, mama."

Nikampa maji katika kibuyu. Akanywa nusu, akapumua.

"Mume wako hajambo?"

"Anaendelea, baba. Amelala."

"Pole. Na maji ya ndiva yenu yaliondokaje?"

Hapa ndipo ningesema. Alikuwa amesimama mbele yangu, peke yake, na hakuna aliyetusikia zaidi ya mgonjwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuliweka neno langu kwa mama, na huyu nilikuwa namwogopa. Nikacheka. Sijui kwa nini. Hofu ikizidi mimi hucheka, hata kanisani. Nikasema, "Sijui, baba." Akanirudishia kibuyu, akashukuru, akaenda zake. Nilimsikia anavuma kitu fulani alipokuwa akipita kwenye migomba.

Pembe ilipigwa Jumamosi kabla ya jua. Mume wangu alinyanyuka, nikamkataza, akachukua jembe. Alisema asipokwenda watasema amejificha. Wanaume wakaingia ndivani kuchimba msingi wa ukuta, sisi wanawake tukaanza kupandisha mawe kutoka kijitoni, kichwani na mgongoni. Hakuna aliyetutukana. Hakuna aliyetusalimia pia. Waliokuwa karibu na mume wangu walisogea hatua mbili, mwishowe akawa anachimba peke yake upande wa tundu lililobomoka. Kutoka juu ya ukingo nilimwona kila nilipopita na jiwe, na kila nilipopita nilihesabu ni mawe mangapi zaidi hadi zamu ya mama ya kuimbisha, maana asubuhi ilikuwa ya yule baba.

Alianza kama kawaida yake, chini. Majembe yakapungua kelele, yakanyamaza. Nilisimama na jiwe kichwani.

Mlinzi kalala, maji yameamka.
Tukayauliza maji, ni nani kayaamsha?
Maji yakacheka, yakashuka bondeni.

Aliurudia mara ya pili. Mara ya tatu watu walikuwa wameushika, na majembe yakaanguka pamoja kwenye neno la mwisho hadi ardhi ikatikisika miguuni pangu. Kwa Chasu, lugha yetu, ulikuwa na utamu zaidi kuliko ninavyoweza kuuandika. Nywele zilinisimama. Nasema kweli, kwa muda mfupi nilisahau ni nani anayeimbwa, nikauona tu uzuri wake: maji yanayoamka kama mtu, yanayoulizwa na hayajibu. Halafu nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, kuelekea kwenye tundu. Mume wangu alikuwa anaitikia. Aliinua jembe na wenzake, akalishusha na wenzake, na mdomo wake ulikuwa unatamka maneno yale yale.

Nikamchukia mtunzi yule hapo hapo. Nilimchukia kwa moyo wote, kwa sababu nilijua kwamba hakuna wimbo mwingine utakaoushinda ule.

Waliuimba hadi mchana. Hawakuchoka nao. Vijana waliuongezea vibwagizo, wasichana walinyanyua mawe kwa mapigo yake. Mzee wa ndiva alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkongojo katikati ya magoti, anamtazama mume wangu tu. Tulipokula, hakuna aliyekaa nasi. Mume wangu alishindwa kumeza, homa ilikuwa inamrudia. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema kazi haijaisha.

Baada ya chakula mama alipanda kwenye kifusi. Akaanza, sauti ile ikatoka, watu wakachangamka, maana baada ya wimbo uliobana kifua walitaka kucheka. Akawataja wa kwanza: mwenye jembe butu. "Nipo." Mwenye kumtuma mtoto. "Nipo." Jumbe, aliyekuja kutazama bila jembe. Watu wakaangua kicheko. Kisha akageuza sauti, akaingia kwenye habari ya ndiva. Akaimba homa. Akaimba jua linazama. Akaimba gogo, udongo mwekundu, na maganda ya mgomba yaliyoachwa shimoni. Watu wakaacha kucheka, kwa sababu hayo hawakuwa wameyasikia popote. Nikaweka jiwe chini. Nilijua jina linalofuata ni langu, nikajiandaa kuitika.

"Na aliyeziba tundu jioni ile," akaimba, "aliyeziba tundu jioni ile ni..."

Akanyamaza.

Mama yule hajawahi kunyamaza mahali pa jina. Majembe yalikuwa hewani. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama, mdomo ameufunga. Akaurudia mstari, akanyamaza mahali pale pale. Majembe mengine yalianza kushuka ovyo. Mume wangu aligeuka kunitafuta kwa macho, na nikaona anataka kuitika yeye. Alikuwa tayari amefungua mdomo.

Nikaimba jina langu. Sina sauti, sijawahi kuwa nayo, ilitoka kama mlango unaokwaruza sakafu. Jina langu, ukoo wa baba yangu, Maore. Nikasema, "Nipo," na kwa kuwa sikuwa na jembe nilipiga ardhi kwa mguu.

Kilichofuata kilikuwa cha kawaida kuliko nilivyoogopa. Wazee waliniita mbele, wakaniuliza, nikaeleza. Nilipofika kwenye takataka mzee wa ndiva alijificha uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika. Walinitoza mtungi wa dengelua na siku tatu za kubeba mawe peke yangu. Mume wangu walimnyang'anya ulinzi, kwa kuwa alidanganya, lakini zamu yetu ya maji ilibaki. Yule mama nilimuuliza jioni hiyo kwa nini hakunitaja kama nilivyomwomba. Alijibu kwamba yeye huwataja wanaojificha, na mimi nilikuwa nimeacha kujificha tangu jana yake.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Wakati wa kurudi, watu walipitia mbele yangu, wengine wakinipa pole, na nusu ya pole zile zilitolewa na watu wanaovuma puani: mlinzi kalala, maji yameamka. Hawakuwa na ubaya. Wimbo ulikuwa mdomoni mwao tu. Ule wa mama, wenye jina langu na ukweli wote, hadi maharage yanavunwa hakuna aliyeukumbuka. Wa baba ulishuka Makanya naye Jumatatu, ukaingia kwenye genge, ukapanda treni. Tuliusikia umefika Lembeni. Tuliusikia kwenye mashamba ya mkonge. Siku moja hapa kwetu jumbe alisinzia barazani mbele ya D.C., watu wakauanzisha, chini kabisa, kama walivyofundishwa. D.C. akamuuliza mkalimani wanaimba nini, naye akamjibu kwamba wanaimba habari za maji. Vijana wote waliokuja kutunga baada ya hapo walianza kwa kunong'ona. Wa kumwiga mama hakutokea, maana kuiga kwake kulitaka ujasiri, na sauti pekee isingetosha.

Nyumbani ulitukalia. Watoto wangu waliitwa wa mlinzi tangu wanatambaa. Nilikuwa nawafokea watu sokoni, nawaeleza habari nzima, na mtu ananisikiliza kwa adabu, anasema kumbe, halafu anaondoka akivuma. Lililonichoma zaidi ni kwamba mume wangu mwenyewe aliuimba. Alilima nao. Kila alipoanza mstari wa kwanza mimi nilikuwa naondoka shambani.

Miaka kadhaa ilipita, Waingereza bado wapo. Nilikuwa nimeteremka Same kuuza maharage, nikawa nangoja treni stesheni, nimekaa juu ya gunia tupu. Genge lilikuwa linapumzika kivulini mwa tangi la maji. Mtu mmoja mwenye mvi akasimama, akaja kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo, baba," nikasema. Nililelewa vizuri, ndiyo sababu pekee.

"Marahaba. Wewe ni mke wa yule wa ndiva."

"Mke wa mlinzi," nikamsaidia. "Si ndivyo ulivyomwita?"

Hakukasirika. Akachuchumaa pembeni, akasema ana kitu anataka nikisikie, amekitengeneza ili kiufute ule. Akaanza kuimba. Ulikuwa mrefu. Ulimtaja mume wangu kwa jina, ukasema ni mwaminifu, ukasema aliugua, ukasema mkewe alikiri mbele ya watu wote. Kila neno lilikuwa la kweli, na wimbo ulikuwa mbaya. Ulitembea kama mtu aliyeazima viatu vya mwenziwe. Nilikaa pale nimeshika mapaja, nikitamani uwe mzuri kuliko nilivyowahi kutamani kitu, na masikio yangu yakakataa.

"Baba," nikasema alipomaliza, "huu usiuimbe mahali popote. Utatuaibisha mara ya pili."

Akacheka kidogo. "Najua. Nimehangaika nao miaka. Ule wa kwanza sikuhangaika nao hata kidogo. Ule ulinipa wewe."

"Mimi?"

"Nilikuuliza maji yaliondokaje. Ukacheka. Ukasema hujui, ukapokea kibuyu ovyo hadi maji yakanimwagikia miguuni. Na mlinzi yuko ndani, amelala, namsikia anakohoa. Kabla sijafika kwa kaka yangu wimbo ulikuwa umekwisha."

Yeye akaendelea kwa sauti ile ile ya chini.

"Sikujua umefanya nini. Lakini kwamba ni wewe, nilijua."

"Mbona hukunitaja?"

"Mimi sitaji," akasema, na akarudi kwa wenzake kwa sababu nyapara alikuwa anaita.

Ndani ya treni nilikaa dirishani na sikuona kitu hadi Makanya. Mtunzi mmoja nilimwambia kila kitu, akakataa kunitaja ili nijitaje mwenyewe. Mwingine nilimnyima hata neno moja, naye akachukua kicheko changu akakiweka kwenye mstari wa tatu, na mimi nikazunguka miaka yote ile nikiuimbia ulimwengu kwamba wimbo ni wa uongo. Nilipokuwa nikiukwea mlima nilikuwa nalia, na si kwa huzuni tu. Nilikuwa nimekasirika pia, kwa kuwa bado ulikuwa mzuri.

Nilimkuta mume wangu anazibua mfereji wetu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mzigo bado kichwani. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Nilikuwa ndani siku ile," akasema. "Nilisikia ulivyocheka."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua alipoimba mara ya kwanza kwamba maji yanayocheka ni wewe. Ndiyo maana niliitikia. Nilidhani na wewe unajua, na ndiyo maana unaununia."

Nikatua mzigo. Aliinua jembe akaanza mstari wa kwanza, chini, kama watu wote walivyojifunza kutoka kwa yule mtunzi wa reli. Akaimba na wa pili. Kwenye wa tatu akanyamaza, jembe hewani, akangoja, na mara hii sikuondoka. Niliuimba.